Nani Anadaiwa Kazi ya Kwanza?

Kijana aliyehitimu masomo ya filamu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hukutana na swali lile lile kila anapobisha hodi: umeshafanya kazi gani? Hana la kujibu, maana anayeuliza ndiye mwenye kazi ambayo ingempa jibu. Cheti anacho, kamera anaijua, skripti ameandika. Lakini jina lake halijawahi kupita kwenye skrini mwishoni mwa filamu iliyotengenezwa nje ya chuo, na katika fani hii orodha ile ya majina ndiyo barua ya utambulisho.

Kila nchi iliyojenga filamu na televisheni ililazimika kumtafutia kijana huyo njia, na njia hizo zinatofautiana sana. Hapa nazilinganisha nne: studio za Japani za kabla ya Vita Kuu ya Pili, chuo cha VGIK cha Moscow, soko la video la Nigeria, na mikondo ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimeijaribu. Nazipima kwa swali moja. Katika kila utaratibu, ni nani anayedaiwa kazi ya kwanza ya mwanafunzi? Naamini deni hilo ndilo linalotenganisha utaratibu unaozaa mafundi na ule unaozaa vyeti.

Tuanze Tokyo. Mwaka 1936 Akira Kurosawa, kijana aliyetaka kuwa mchoraji asipate riziki katika uchoraji, alipokelewa na studio ya PCL, ambayo muda si mrefu iliingia katika kampuni ya Toho. Studio ilikuwa imetangaza nafasi za wasaidizi wa waongozaji, na mtihani wa kwanza ulikuwa insha: eleza kasoro za msingi za filamu za Kijapani na namna ya kuzirekebisha. Waombaji hawakuulizwa walikotoka kikazi. Waliulizwa wanaionaje kazi. Studio ilijua kwamba ufundi ingeufundisha yenyewe, kwa hiyo ilitafuta jicho na akili.

Alipoingia, Kurosawa aliwekwa chini ya mwongozaji Kajiro Yamamoto. Msaidizi alianzia chini, kwenye kubeba, kupanga na kukimbizana na waigizaji wa umati, kisha akapanda daraja moja baada ya jingine hadi kuwa msaidizi mkuu. Yamamoto alishikilia kwamba anayetaka kuongoza lazima ajue kuandika skripti na kuhariri, na Kurosawa akayafanya yote mawili kwa miaka. Katika filamu ya Uma ya mwaka 1941 aliachiwa sehemu kubwa ya kazi, na mwaka 1943 akatoa filamu yake ya kwanza, Sugata Sanshiro. Mikononi mwa Yamamoto huyo huyo walipita wasaidizi wengine, Senkichi Taniguchi na Ishiro Honda, ambaye mwaka 1954 aliiongoza Godzilla.

Kurosawa alieleza katika kumbukumbu za maisha yake jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha utaratibu ule. Yamamoto alikuwa radhi filamu yake ipungue ubora ili wasaidizi wake wajifunze. Vipande walivyopiga wao, hata vilivyopwaya, aliviacha vikaingia kwenye filamu, kisha akawaonyesha kasoro zao mbele ya skrini ya jumba la sinema. Hasara ya kosa la mwanafunzi ilibebwa na jina la mwalimu. Mwalimu wa namna hiyo ni adimu popote, lakini Yamamoto hakuwa akitoa sadaka. Kampuni iliwalipa mshahara yeye na wasaidizi wake, ilimiliki majumba ya sinema, na ilihitaji filamu mpya kila wiki. Msaidizi wa leo ndiye aliyetarajiwa kuyajaza majumba hayo baadaye. Deni la kazi ya kwanza lilikuwa la kampuni, na lililipika kwa sababu kampuni ilifaidika kulilipa.

Utaratibu huo ulikuwa na ukuta wake. Tazuko Sakane, msaidizi wa mwongozaji Kenji Mizoguchi, aliongoza filamu mwaka 1936, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Japani. Baada ya vita hakupewa tena kiti cha mwongozaji. Alirudishwa kwenye ukarani wa skripti. Pale ambapo mlango mmoja tu unaingiza watu, mwenye ufunguo huchagua wanaofanana naye. Tena ngazi yote ilisimama juu ya afya ya kampuni. Televisheni ilipowavuta watazamaji nyumbani, studio zikayumba, studio ya Daiei ikafilisika mwaka 1971, na ngazi ikavunjika pamoja nazo.

Moscow ilijibu kwa namna nyingine. VGIK ilianzishwa mwaka 1919 na ndicho chuo cha filamu kikongwe kuliko vyote duniani. Kiini chake ni karakana ya bwana mmoja: mwongozaji mwenye jina huchukua kundi la wanafunzi na kukaa nalo miaka yote ya masomo. Sergei Eisenstein alifundisha hapo, na kutoka karakana ya Mikhail Romm alitoka Andrei Tarkovsky. Mwanafunzi alijulikana kwa jina la bwana wake, na bwana alijulikana kwa wanafunzi wake. Hadi hapo Moscow inafanana na Tokyo, ila malezi yametolewa studioni yakaingizwa darasani. Kilichoziba pengo kati ya darasa na kazi kilikuwa dola: mhitimu wa Kisovieti alipangiwa kituo cha kazi, na studio za serikali zilipaswa kumpokea.

Waafrika waliosoma huko wanatuonyesha vizuri zaidi thamani ya mapokezi hayo, kwa sababu wao walipewa elimu ile ile bila hakikisho la kituo cha kufikia. Ousmane Sembène wa Senegal alikwenda Moscow mwaka 1962 akiwa mtu mzima, tayari mwandishi wa riwaya na mfanyakazi wa zamani wa bandari ya Marseille. Alijifunza katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi juu ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Miaka mitatu baadaye ilifuata La Noire de..., filamu yake ndefu ya kwanza. Sembène alihitaji muda mfupi wa masomo kwa sababu hadithi, wasomaji na jina alikuwa navyo. Alichokosa kilikuwa ufundi tu, na ufundi unafundishika.

Souleymane Cissé wa Mali alikuwa na njia ndefu zaidi. Alihitimu VGIK mwishoni mwa miaka ya 1960, akarudi Bamako na kufanya kazi ya kupiga filamu za habari katika wizara ya habari. Kwa mtu aliyetoka kwenye chuo kile, habari za ziara za viongozi zingeweza kuonekana kama kushushwa daraja. Lakini zilimpa kamera, filamu ghafi, safari ndani ya nchi yake na sababu ya kushika chombo kila siku. Kutoka hapo alipanda hadi Yeelen, iliyopata Tuzo ya Baraza la Waamuzi huko Cannes mwaka 1987. Naye Abderrahmane Sissako, aliyesoma VGIK katika miaka ya 1980, alibaki Ulaya baada ya masomo. Filamu yake ya Timbuktu ilishindanishwa Cannes mwaka 2014, zaidi ya miaka ishirini baada ya masomo hayo.

Watu watatu, elimu ya ukoo mmoja, hatima tatu. Tofauti yao haikutokana na mtaala. Ilitokana na nani aliwapokea: Sembène alijipokea mwenyewe kwa jina lake la uandishi, Cissé alipokewa na ofisi ya umma, Sissako alipokewa na watayarishaji wa Ulaya. Anayewapeleka vijana masomoni ng'ambo bila kuandaa mapokezi nyumbani anapaswa kujua kwamba amelipia nusu tu ya kazi.

Nigeria iliingia kwenye filamu za video bila chuo cha filamu wala studio ya kuwalea vijana. Okechukwu Ogunjiofor alihitimu chuo cha televisheni ya taifa, NTA, mjini Jos, akakosa kazi, akawa anachuuza bidhaa mitaani Lagos. Alikuwa na wazo la hadithi. Alilipeleka kwa Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki na kanda, na mwaka 1992 ikatoka Living in Bondage, iliyoongozwa na Chris Obi Rapu, mtu aliyetokea televisheni ya taifa. Ilipigwa kwa video na kuuzwa kwenye kanda moja kwa moja kwa watazamaji wa nyumbani. Filamu hiyo hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa Nollywood, tasnia ya filamu ya Nigeria. Tuangalie ni nani walikutana hapo: mhitimu asiye na kazi, mwongozaji mwenye uzoefu wa televisheni, na mfanyabiashara mwenye mtaji na soko. Kila mmoja alikosa kile ambacho wenzake walikuwa nacho.

Wauzaji wengi wa filamu wa Onitsha na Lagos walitoka katika jamii ya Waigbo, na jamii hiyo ina mfumo wa uanagenzi wa biashara unaoheshimika sana, igba boi. Kijana hutumika dukani kwa mkubwa wake kwa miaka, akila na kulala kwake, na muda ukiisha mkubwa hudaiwa kumpa mtaji wa kuanza duka lake mwenyewe. Deni liko wazi, na jamii husimama kama shahidi. Ninachokiona ni kwamba mfumo huu ulijenga biashara ya filamu lakini haukufuata hadi kwenye seti. Wanagenzi wa wauzaji walipewa mitaji, lakini kijana aliyeshika taa au kipaza sauti hakuwa na mkubwa anayedaiwa. Alijifunza kwa kuangalia, kwa kasi ya filamu zinazopigwa kwa siku chache, na asiye na muda wa kumrekebisha mwanafunzi humrithisha makosa yake.

Palipokuwa na mtu wa kumshika mkono kijana, matokeo yalikuwa tofauti. Tunde Kelani, mpiga picha aliyesomea London na mwongozaji wa Saworoide ya mwaka 1999, alimpa Kunle Afolayan nafasi ya kuigiza katika filamu hiyo. Afolayan alizaliwa na Ade Love, nyota wa tamthilia za kusafiri za Wayoruba, lakini kwenye filamu za kizazi chake aliingia kupitia seti ya Kelani. Baadaye alisoma uongozaji New York, na mwaka 2009 The Figurine ikaonyesha kwamba filamu ya Nigeria inaweza kupangwa kwa subira na kuuzwa kwenye majumba ya sinema. Seti ilitangulia, darasa likafuata, na darasa likamfaa kwa sababu alikwenda akiwa na maswali.

Nyumbani, mkondo wetu mkongwe ni kikundi. Bongo Movie, tasnia ya filamu ya Tanzania, ilizaliwa katika vikundi vya maigizo, na Kaole Sanaa Group, ambayo michezo yake ilirushwa na ITV, ndiyo iliyowakuza waigizaji Steven Kanumba na Vincent Kigosi, tunayemwita Ray. Kijana alijiunga, akahudhuria mazoezi, akangoja kipande kidogo, akaonekana, akapewa kikubwa zaidi. Kikundi kilikuwa na mambo mawili ambayo vyuo vyetu vingi havina: wakongwe waliokaa na wachanga jioni baada ya jioni, na saa maalumu ya televisheni ambayo lazima ijazwe. Saa ile ilifanya kazi ya majumba ya sinema ya Toho. Ilihitaji watu wapya.

Lakini kikundi kililea sura. Aliyetaka kuigiza alipata wa kumfundisha. Aliyetaka kurekodi sauti, kuhariri au kupanga taa hakupata. Malalamiko ambayo watazamaji wa Bongo Movie wameyarudia kwa miaka, sauti inayokwaruza, mandhari yasiyofuatana, taa inayobadilika katikati ya mazungumzo, yana chanzo hapo. Vipaji vya mbele ya kamera vililelewa, na vya nyuma yake vikaachwa vijilee.

Mkondo wa pili ni warsha inayoishia kwenye filamu kamili. Mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann walianzisha One Fine Day Films mjini Nairobi. Soul Boy, iliyopigwa Kibera na kuongozwa na Hawa Essuman, ilitoka mwaka 2010. Baada ya hapo utaratibu ukapangika: vijana wa Afrika waligawanywa kwa fani, uongozaji, upigaji picha, sauti, uhariri, sanaa ya seti, uandishi na utayarishaji, wakafundishwa na mabingwa wa fani hizo, kisha baadhi yao wakatengeneza filamu ndefu huku bingwa akisimama kando. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ilitoka hapo, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kwenye mashindano ya Oscar. Gitonga hakuwa mgeni kwenye kazi. Alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wa mwongozaji kwenye The First Grader. Zilifuata Kati Kati ya Mbithi Masya na Supa Modo ya Likarion Wainaina.

Huu ndio utaratibu uliokaribia zaidi karakana za Moscow na ngazi za Tokyo kwa pamoja. Kila fani ilikuwa na mlezi wake, na mtihani wa mwisho ulikuwa filamu ambayo umma ungeilipia kuitazama. Udhaifu wake ni kwamba mlipaji mkubwa alikuwa ng'ambo. Msaada wa nje huja kwa mizunguko, na mzunguko ukiisha mlango hufungwa bila kumuuliza aliyekuwa kwenye foleni.

Mkondo wa tatu ni wa kampuni ya utangazaji. MultiChoice ilianzisha vituo vyake vya Talent Factory mwaka 2018 mjini Lagos, Nairobi na Lusaka, ikachukua vijana 60, ishirini kwa kila kituo, kwa mafunzo ya mwaka mmoja bila ada. Kituo cha Nairobi kilipokea vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia. Mantiki yake ni ya PCL mwaka 1936: mwenye chaneli anahitaji vipindi, kwa hiyo anawalea watakaovitengeneza. Faida ni ile ile na hatari ni ile ile. Aliyelelewa na mwenye duka hujifunza kwanza ladha ya duka, na dunia ya utangazaji inabadilika kwa kasi zaidi kuliko majumba ya sinema ya Tokyo.

Kuna pia mkondo usio na jina la taasisi, nao ni seti ya wageni. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, Lupita Nyong'o alifanya kazi ndogo za utayarishaji humo, na baadaye akafanya kazi kwenye The Namesake ya mwongozaji Mira Nair. Alikuja kuigiza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, akaongoza filamu ya hali halisi ya In My Genes juu ya watu wenye ualbino nchini Kenya, akasoma uigizaji Yale, na mwaka 2014 akashinda Oscar kwa 12 Years a Slave. Mira Nair huyo huyo, anayeishi Kampala kwa sehemu ya maisha yake, alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki, na mwaka 2016 alitoa Queen of Katwe akiwa na Lupita. Watu humkumbuka Lupita kwa tuzo. Mimi namtaja kwa sababu ya nafasi ya chini aliyoipata kwanza. Seti za wageni huja na nafasi kama hizo kwa makumi, na wengi wanaozipata wanazipata kwa kujuana, kwa kuwa hakuna anayelazimika kuzigawa kwa wanafunzi.

Tukiziweka pamoja, njia hizi zinakubaliana katika mambo matatu. La kwanza, kila palipofaulu, aliyefundisha alikuwa na hasara ya kupata iwapo mwanafunzi angeshindwa. Toho ingekosa filamu, karakana ya Moscow ingechafua jina la bwana wake, Kaole ingekosa cha kurusha. Mhadhiri wa chuo kinachotoa cheti na kuagana na mhitimu kwenye mahafali hana hasara hiyo, hata awe mwema kiasi gani. La pili, lazima kuwe na mahali panapodai kazi mpya kwa ratiba: jumba la sinema, saa ya televisheni, soko la kanda. Bila mahali hapo uanagenzi hugeuka kusubiri. La tatu, palipokosekana mlezi wa fani za nyuma ya kamera, tasnia iling'ara usoni na kuchechemea kiunoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba dawa ni kuongeza vyuo. Tayari tuna Taasisi ya Mawasiliano ya Kenya, KIMC, inayofundisha tangu miaka ya 1960 na ambako alisoma Anne Mungai, mwongozaji wa Saikati ya mwaka 1992. Tuna chuo cha sanaa cha TaSUBa cha Bagamoyo na idara za sanaa za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vya Nairobi na Kampala. Walimu wapo na wanafunzi wapo. Asiyekuwepo ni mdaiwa.

Mdaiwa anaweza kuwekwa. Anayetaka kupiga filamu Tanzania huomba kibali cha Bodi ya Filamu, na Kenya nayo ina leseni zake. Kibali kinaweza kubeba sharti kwamba kila idara ya seti, kuanzia sauti hadi uhariri, ichukue mwanafunzi mmoja, imlipe, na iweke jina lake kwenye orodha ya mwisho. Sharti hilo liwaguse wageni kwanza, kwa kuwa seti zao ndizo kubwa na zenye vifaa tusivyonavyo. Vituo vya televisheni, ambavyo hulalamikia uhaba wa tamthilia nzuri, vinaweza kutenga saa moja kwa wiki kwa kazi za wahitimu na kuzinunua kwa bei inayojulikana. Chuo nacho kibadili mtihani: badala ya filamu fupi inayobaki kwenye kabati la idara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apimwe kwa kazi iliyorushwa hewani, chini ya mlezi ambaye jina lake linaonekana pamoja na lake. Na mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, yasiwe wiki chache za kuchemsha chai ofisini. Yafuate filamu moja tangu skripti hadi uhariri.

Kwa mwanafunzi mwenyewe nina neno. Usingoje kiti cha mwongozaji. Chukua kipaza sauti, chukua uhariri, chukua ukarani wa skripti, fani ambazo seti zetu zinazililia na ambazo foleni zake ni fupi. Kurosawa alikaa miaka saba kabla ya filamu yake ya kwanza, na katika miaka hiyo alifanya kila kazi aliyopewa kana kwamba ndiyo aliyoiomba. Ukishapata nafasi, chukua mtu wa kumfundisha kabla hujawa mkubwa, maana tasnia isiyo na studio kubwa itategemea wewe kuwa Yamamoto wa mwenzako.

Vyuo vyetu vihesabu mafanikio kwa njia nyingine pia. Idadi ya waliovaa majoho haituambii kitu. Mwaka mmoja baada ya mahafali, kila chuo kitangaze majina ya wahitimu yaliyopita kwenye filamu na vipindi vilivyoonyeshwa hadharani, na fani walizozifanya. Chuo chenye orodha ndefu kipewe wanafunzi zaidi na fedha zaidi. Chenye orodha fupi kiulizwe, mbele ya wazazi wanaolipa ada, kinamdai nani na kinadaiwa na nani.